Amboni: sadaka ya mwenzako ikishakuwa taka, unaruhusiwa kuiondoa?

BintiKumiNaMbili (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Wazee wa Tanga mliomo humu, nawaomba nyie hasa.

Marehemu mama yangu alikuwa na deni. Kabla yangu mimba zilimtoka mara tatu. Ya nne, bibi (Mungu amrehemu) akamchukua kutoka Ngamiani mpaka Amboni, wakaingia pangoni, kwenye ile sehemu ya mzimu wa Mabavu, mama akaweka nadhiri: huyu akikaa, nitarudi na bafta nyeupe na halua. Nikakaa. Nikazaliwa 1987. Mama akahamishwa kikazi bara, maisha yakamshika, hakurudi tena pale. Alipofariki, siku ya arobaini mama mdogo akanivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, mamako kaondoka na deni, na deni lenyewe ni wewe."

Sijaja hapa kubishana kama mzimu upo au haupo. Mimi ni Mwislamu, nasali, na jambo hili limeninyima usingizi siku nyingi. Lakini neno alilitoa mama yangu kwa kinywa chake, na mimi ndiye niliyebaki wa kulitimiza. Basi mwezi uliopita tukaenda, mimi na mama mdogo.

Kwa wasiopajua: ni kama kilomita 8 kutoka Tanga mjini, unashika njia ya Horohoro, unakata kuingia Kiomoni. Mapango yapo 10, wageni wanaingizwa moja. Mlangoni mama mdogo alivua viatu, akapiga hodi mara tatu: "Hodi wenyewe, tumekuja kwa heri." Mwongozaji akasimama kimya akatusubiri, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Ndani popo wanalia juu kama vifaranga. Harufu ya vinyesi vyao imechanganyika na ya ubani wa watu waliotutangulia.

Kisha nikamulika tochi ya simu kwenye ile kona.

Chupa. Chupa za marashi za plastiki, zile ndogo za vizibo vya rangi ya dhahabu, zimerundikana mpaka ukikanyaga karibu zinaporomoka zenyewe. Nta ya mishumaa imemiminika juu ya jiwe ikaganda, nyekundu juu ya nyeupe, na ukuta juu yake ni mweusi tititi. Vitambaa vyekundu vya nailoni vinang'aa kama vimetoka dukani jana. Sarafu za mia na hamsini, nyingine zimeota kijani. Kitana. Picha za pasipoti ambazo unyevu umeshakula sura. Karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Na kiatu kimoja cha mtoto mchanga, cheupe, cha kufuma.

Nikaweka bafta. Nikaweka halua. Nikasema maneno ya mama kama mama mdogo alivyonifundisha.

Baada ya hapo nilishindwa kuondoka na kupaacha vile. Mkobani nilikuwa na kiroba, nikakitoa, nikaanza kuokota chupa. Ya tatu sijaitia ndani, mama mdogo akanidaka mkono, akaukaza. "Rudisha. Kila chupa hapo ina mtu ndani yake." Nikarudisha zote tatu. Hatukusemezana mpaka tunashuka Chumbageni.

Na kuna jambo jingine linaloniuma. Halua ile niliiacha pamoja na bakuli lake, na bakuli ni la plastiki. Nilikwenda kulipa deni la mama nikaongeza taka.

Naomba kuuliza, kwa moyo mmoja: nilikosea kuokota? Au nilikosea kurudisha?

---

Raskazone_Kwetu

Pole na msiba, dada. Mara ya mwisho nimeingia pango lile 2009 na wanafunzi wenzangu, chupa zilikuwepo lakini za kuhesabika. Nasubiri wazee.

---

MgosiWaKiomoni

Mwanangu, pole kwa msiba, na umefanya vyema kumlipia mama.

Mimi nimezaliwa huko huko. Upande wa baba Wabondei, upande wa mama Wasegeju. Pango lile Wabondei, Wasambaa, Wasegeju na Wadigo wote wanaliendea tangu enzi, na hakuna mwenye hati yake. Kwa hiyo nitakayosema ni ya ukoo wangu, mwingine atakuja na ya kwao.

Nilivyolelewa mimi, kinachoachwa mzimuni ni kile kinachokwisha. Unga wa mtama unakorogwa na maji, unamwagwa. Togwa inamwagwa. Chakula kinawekwa juu ya jani la mgomba au kwenye kifuu. Kitambaa ni bafta au kaniki, na bafta ya enzi hizo ilikuwa pamba tupu; masika mawili tu, ukirudi hukuti kitu. Kuku anachinjwa, nyama inaliwa pale pale na waliokuja, mifupa inafukiwa.

Sasa sikiliza habari ya marashi. Bibi yangu alikuwa na mrashi wa shaba, shingo nyembamba, tumbo limechorwa maua. Akifika anatikisa kidogo huku na huku, matone yanaruka juu ya jiwe, basi. Mrashi unarudi mkobani. Maana ule ndio unaotumika harusini, ndio unaotumika maulidini, na siku akifa ndio utakaomnyunyizia yeye. Hakuna mtu aliyewahi kufikiria kuuacha mrashi pangoni! Chetezo cha ubani vivyo hivyo: ubani unaungua, moshi unakwenda zake, chetezo kinarudi nyumbani na majivu yake.

Kwa hiyo chupa si sadaka, mwanangu. Sadaka ni marashi. Chupa ni chombo, na chombo siku zote kilirudi na mwenyewe. Kilichoharibika ni kwamba chombo siku hizi hakina thamani, mtu anaona tabu kukibeba. Bibi yangu angeacha mrashi wa shaba? Angeacha mkono wake kwanza.

Na jambo la pili ambalo vijana hawakuliona: palikuwa panafagiwa. Kabla ya kutambika, mzee anayepaangalia anatangulia na ufagio wa chelewa, anasafisha, ndipo watu wanaingia. Unamwita mkubwa wako aje akusikilize, unamkalisha kwenye uchafu? Wale wazee walipoondoka, waliobaki wakachukua kuweka, kufagia hawakukuchukua.

Lakini mamako mdogo naye ana haki. Hapakufagiwa kimya kimya. Mfagiaji alikuwa anasema, anaomba radhi, anataja anachokiondoa. Wewe uliingiza mkono tu.

---

BintiKumiNaMbili

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la mrashi limenipiga kifuani. Mama mdogo anao, upo juu ya kabati, wa bibi. Nimeuona tangu utotoni na sikuwahi kuunganisha.

---

UstadhMakorora

Assalaam alaykum. Nitasema kwa upole maana dada ameandika kwa adabu na ana msiba.

Nadhiri ni ibada, na ibada haielekezwi kwa pango wala kwa jiwe. Aliyeweka nadhiri isiyo ya Mwenyezi Mungu hadaiwi kuitimiza. Anatakiwa atubu na amwombe Mola msamaha, na mtoto wa marehemu amwombee mama yake na amtolee sadaka. Hilo ndilo deni ninalolijua mimi. Kuzuru makaburi ni jambo jingine, tumehimizwa ili tukumbuke kufa, tuwaombee waliomo. Kuwaombea wao, dada yangu, si kuwaomba.

Sikuja kumhukumu mama. Mwanamke aliyepoteza mimba tatu anashika lolote lililo karibu na mkono wake, na nani kati yetu amewahi kubeba alichokibeba? Ila halua ile kama ungeigawa kwa watoto wa Kiomoni kwa nia ya thawabu zimfikie mama, ingemfikia.

Kuhusu kuokota taka sioni mjadala. Kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani.

---

BintiKumiNaMbili

Wa alaykum salaam, ustadh. Nimepokea, na sitabishana nawe kwenye hilo, maana usiku mwingine nasema kama wewe. Watoto wa Kiomoni nimeliweka moyoni.

---

Mwana_Kaole

Huku Bagamoyo shida ni ile ile, na kwetu ni makaburi kabisa.

Magofu ya Kaole yako kama kilomita 5 kusini mwa mji. Misikiti miwili, mkubwa kwa umri unatajwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, mengine na nguzo ndefu juu. Mle ndani lipo kaburi la Sharifa. Alikuwa mwanamke mcha Mungu, wakati wa uhai wake watu walimfuata awaombee, na alipozikwa hawakuacha kuja. Mpaka leo wanakuja. Na kile kisima kilicho karibu na bahari lakini maji yake hayana chumvi, watu wananawa, wanajaza vichupa.

Nimekulia hapo. Shangazi alinipeleka kwa Sharifa nilipofeli mtihani mara ya kwanza. Alisoma Fatiha na Yasini, akachoma udi kidogo, akaweka sarafu, tukanawa kisimani tukarudi. Kesho yake sarafu haikuwepo: watoto wanachukua, na shangazi alijua na aliridhika, alikuwa anasema sarafu ya Sharifa lazima imfikie mtu.

Siku hizi nikienda naona watu wanapaka mafuta. Mafuta ya nywele, mafuta ya manukato, wanapaka ukuta wa kaburi kwa kiganja, wengine wanakwarua chokaa kidogo wanafunga kwenye kitambaa waende nayo. Wameipenda mpaka wanaila! Mwaka jana nilimwona mama mmoja anakwarua kwa ufunguo wa nyumba. Nikamwamkia, nikamwambia mama, ukiondoka nayo kila mtu akaondoka nayo, mjukuu wako atakuta nini? Akaniangalia, akalia. Hakuwa mtu mbaya. Mumewe alikuwa amelazwa.

---

MtuWaMagofu

Nimefanya kazi za uhifadhi mambo ya kale, sasa nimestaafu, kwa hiyo nasema kama mimi. Mwana_Kaole amegusa penyewe, nieleze kwa nini mafuta na nta vinaua ukuta.

Majengo yetu ya mwambao ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Vyote viwili vina matundu, vinanyonya na kutoa unyevu, na huko pwani unyevu una chumvi. Ukuta ukipumua vizuri, maji yanatoka, chumvi inabaki juu juu, mvua inaiosha. Ukipaka mafuta au ukimwaga nta umeziba matundu. Maji yanabaki ndani na chumvi yake, chumvi inaganda kuwa chembe, chembe zinavimba nyuma ya lipu, na lipu inabanduka kama ganda la mkate. Unaweza kupaona leo pazuri panang'aa, baada ya miaka michache kipande kizima kiko chini. Moto wa mshumaa ukiegemezwa kwenye jiwe unaongeza lake: jiwe la chokaa halipendi joto la ghafla.

Pangoni ni hivyo hivyo kwa njia nyingine. Mawe ya Amboni ni chokaa ya zamani mno, inakadiriwa miaka milioni 150. Yale yanayoning'inia juu yanajengwa na tone la maji, tone baada ya tone. Sentimita moja inaweza kuchukua miaka 100 au zaidi. Mkono wenye mafuta ukishika hapo, tone halishiki tena, na masizi yakikaa juu yake jiwe linaendelea kukua likiwa limeyameza. Yaani moshi wa mwaka huu unafungiwa ndani ya jiwe. Na msisahau popo, moshi mzito unawasumbua wakiwa na watoto.

Kisheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuharibu, kuchora au kuondoa kitu kwenye eneo la kumbukumbu. Amboni yenyewe ilianza kuhifadhiwa 1922, 1937 ikawa chini ya kampuni ya mkonge, 1963 ikarudi serikalini kwenye Idara ya Mambo ya Kale. Na kitu chochote kilichotengenezwa kabla ya 1863 sheria inakilinda kwa umri wake tu.

Naleta mwaka huo kwa sababu moja. Dada, kabla ya kuokota tena, jua unachookota. Chupa ya marashi ya plastiki ni taka. Lakini Tongoni, ile njia ya Pangani, nimewahi kukuta watu wema kabisa wamekuja kusafisha, wakakusanya "vigae" wakavitupa pamoja na makopo. Vigae vile vilikuwa vipande vya mabakuli ya kale. Tongoni ina makaburi zaidi ya 40, ni moja ya sehemu zenye nguzo za makaburi nyingi kuliko kwingine mwambao wote huu, na kwenye nguzo palikuwa na mabakuli ya Kichina yamepachikwa. Ukienda leo unakuta matundu ya mviringo, mabakuli yalishang'olewa zamani. Kipande cha kijani kibichi kilichoanguka nyasini ndicho kilichobaki. Usikiokote, usikipeleke nyumbani, na usikiweke juu ya kaburi kama sadaka ingawa kinapendeza. Mahali kilipoangukia ndipo kinapozungumza.

Kwa hiyo njia ni kumwambia mlinzi wa eneo. Mwambie unataka kusafisha, asimame nawe.

---

BintiKumiNaMbili

Asante sana, mzee. Nilikuwa na mpango wa kuchukua hata zile sarafu nizitie kwenye sanduku la msikiti. Nimesita.

---

MgosiWaKiomoni

Sarafu waachie. Hazikuwa zako.

---

MtangaUghaibuni

Niko Uingereza mwaka wa 14 sasa, na nimesoma uzi huu nikiwa kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo.

Msidhani ni letu peke yetu. Uskoti kaskazini, karibu na Inverness, kijiji cha Munlochy, kuna chemchemi msituni. Tangu kale mgonjwa anachovya kitambaa kwenye maji yake, anajipangusa panapouma, halafu anakifunga mtini. Kitambaa kikioza, ugonjwa nao unakwisha. Nimekwenda kwa miguu yangu. Miti imevaa nguo mpaka juu: soksi, fulana za mpira, shanga, viatu, barakoa. Na sehemu kubwa ni nailoni. Nikasimama pale nikafikiria, sasa huyu aliyefunga nailoni, ugonjwa wake utaisha lini?

Mzee wa Kiomoni amesema masika mawili. Ni kitu kile kile, bara mbili mbali.

Na wao wana lile la mama mdogo pia! Wanaamini ukifungua kitambaa cha mwenzako, ugonjwa wake unahamia kwako. Mwanzoni mwa 2022 kuna mtu alikwenda akaondoa karibu kila kitu, wenyeji wakaumia sana, ingawa wao wenyewe walikuwa wanalalamikia plastiki. Nadhani kilichowauma ni kwamba hakuuliza.

Kusini huku, karibu na Avebury, kuna kaburi la mawe, West Kennet, lilijengwa yapata miaka 3,650 kabla ya Kristo. Watu wanaingia na mishumaa ile midogo ya vikombe vya bati, wanaiacha kwenye nyufa za mawe. Nimeona madoa ya masizi kwa macho yangu. Watunzaji wanaomba watu wasiwashe moto ndani. Nilipotoka nje nilimkuta bibi wa Kizungu anaokota vikombe hivyo anatia kwenye mfuko, kila akiokota kimoja ananong'ona. Sikumuuliza ananong'ona nini. Leo najuta.

---

Duga_Maforoni

Swali kwa mzee. Na picha je? Karatasi zilizoandikwa? Maana hizo nazo si za jadi, bibi zetu hawakuwa na picha za pasipoti.

---

MgosiWaKiomoni

Karatasi inaoza, iache ijifie. Picha ni ngumu. Mimi sijui la kusema kuhusu picha.

---

Mama_wa_Kwanza

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu.

Si Amboni, ni Tongoni. 2014. Niliacha kiatu cha mtoto pembeni ya kaburi moja lililoanguka nguzo. Kwetu wanawake wanakwenda pale wakikosa mtoto, au wakimkosa baada ya kumpata. Wangu alikaa siku tisa. Kiatu alifuma mama mkwe, vilikuwa viwili, kimoja tulimzika nacho.

Nimesoma mnasema kinachoachwa kiwe kinachokwisha. Nimeelewa, na kwa chupa nakubali. Lakini mimi nilikiacha kwa sababu nilitaka kisiishe. Nyumbani kila mtu alikuwa ananiambia sahau, utapata mwingine, na kweli nimepata wengine wawili, alhamdulillah. Nilitaka pawepo mahali pamoja duniani ambapo pamesimama miaka mia tano na patakumbuka. Nilichagua nyuzi za pamba, sikuchagua kwa kuwaza kuoza, ndizo alizokuwa nazo mama mkwe.

Dada mleta uzi, kile kiatu cha Amboni si changu. Lakini nakuomba usikiguse.

---

BintiKumiNaMbili

Dada yangu, sijakigusa na sitakigusa. Nimekaa na simu mkononi nikakosa la kukujibu. Mungu amlaze pema huyo wa siku tisa.

---

UstadhMakorora

Mama, pole sana. Mtoto aliyetangulia mapema ni kinga ya wazazi wake kesho, hilo ndilo tulilofundishwa. Anakukumbuka yeye, si kaburi.

---

MgosiWaKiomoni

Mwanangu wa Tongoni, nimekusoma mara mbili. Nilichosema ni cha kutambika: unapeleka haja, haja inapokelewa, kitu kinakwisha. Chako si haja. Chako ni kuaga. Hilo bibi yangu hakunifundisha na siwezi kulitungia kanuni leo. Pamba ikae mpaka itakapotaka yenyewe kuondoka.

---

MtuWaMagofu

Mama, kama ni pamba na hukukiingiza kwenye ufa wa jengo, mimi kama mhifadhi sina neno nawe. Hakijaumiza jiwe.

---

Raskazone_Kwetu

Mleta uzi, turudishie habari. Utarudi?

---

BintiKumiNaMbili

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zimepita, nilikuwa nasubiri likizo na nilikuwa nasubiri mama mdogo.

Nilimsomea uzi wote, sebuleni, kuanzia juu. Kwenye mrashi alinyanyuka, akapanda kiti, akaushusha kabatini. Umeshika kutu ya kijani shingoni. Akachukua ndimu na majivu akaanza kusugua huku namsomea. Nilipofika kwa Mama_wa_Kwanza akaacha kusugua. Akaniambia mama yako aliwazika wawili kati ya wale watatu kwa mikono yake, nyuma ya nyumba ya Ngamiani, na hakuna alama. Sikuwa najua.

Jumamosi tukaenda. Tulizungumza kwanza na mlinzi wa pale, kama mzee wa magofu alivyoelekeza. Alituonya tusibandue nta kwa kisu, tukikwangua tunabandua na jiwe, kwa hiyo nta tumeiacha ilivyo. Akatuambia tusimulike juu popo wakaruka. Akakaa nasi muda wote, na mwisho naye akawa anaokota.

Mama mdogo alipiga hodi. Akafagia kwanza, kwa ufagio wa chelewa alioununua Ngamiani asubuhi hiyo. Halafu akapiga magoti mbele ya lile rundo. Anachukua chupa moja, anafungua, kama kuna tone limebaki anamwaga chini, anasema, "Ya mwenyewe imepokelewa, chombo tunakiondoa, utuwie radhi," ananipa mimi, mimi naitia kirobani. Moja moja. Chupa zote, maneno yale yale, hakuruka hata moja. Magoti yake ni mabovu, ana miaka 68, nilimwambia akae kwenye mkeka nimsaidie kusema, akakataa. Baadaye sauti ikamkauka, akawa anatingisha midomo tu.

Nailoni nyekundu tumeondoa ile iliyokuwa chini. Iliyofungwa kwenye jiwe tumeiacha kwa sababu kuifungua kungelivuta jiwe. Sarafu zipo. Picha zipo, hatukujua la kufanya kama mzee naye alivyosema. Karatasi ipo. Kiatu kipo, tumefagia pande zake zote nne.

Bakuli langu nililikuta na sisimizi, halua imeshakwisha. Nimelitoa. Mama mdogo akaweka kifuu mahali pake na kipande cha halua kidogo kuliko yai, akanyunyiza marashi kwa mrashi wa bibi, mara tatu, matone yakaonekana kwenye mwanga wa tochi yakitua juu ya bafta ya mama. Imeanza kuingia madoa ya unyevu pembeni, ile bafta. Mrashi tukarudi nao.

Halua iliyobaki, kilo mbili, ustadh, tumeigawa Kiomoni barabarani. Watoto walikuja kutoka kila upande. Mama mdogo aliwaambia waseme amina, wakasema, midomo imejaa.

Chupa zilikuwa 117. Moja ilikuwa imejaa bado, kizibo hakijawahi kufunguliwa. Mama mdogo aliishika muda mrefu akiigeuza kwenye mwanga. Hiyo tumeirudisha pale pale tulipoikuta.